Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Sura ya Nne

Karani wa masijala alimpokea Afande kwa chafya mbili, akamwonyesha rafu kwa kidole bila kuinuka kitini.

"Ni hiyo ya juu?" Afande akauliza.

"Yote."

"Rafu nzima ni kesi moja?"

"Kesi ni ile nyembamba pale pembeni, yenye jalada la kijani. Hayo mengine ni maombi."

Afande alikuwa askari mpelelezi, mwanamke mrefu wa dawati la makosa ya kughushi, asiyependa kusimama kwenye vumbi. Akavuta kiti, akalitoa lile jalada la kijani. Kesi yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto wa shule angeielewa. Fundi cherehani mmoja alifiwa na mumewe, akabaki na watoto watatu na nyumba iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe. Baada ya mazishi shemeji yake, ndugu wa marehemu, akaingia humo na mkewe. Siku fundi alipompeleka mtoto kliniki, alirudi akakuta kitasa kipya mlangoni na mtoto wake mwingine nje ameshika sufuria. Wewe unayesoma na nyumba yako unayo, soma polepole hapo: alitoka kwenda kliniki tu. Fundi akashtaki, akashinda. Mahakama ikaamuru shemeji atoke.

"Ikawaje?" Afande akauliza.

"Ndipo rafu ilipoanza kujaa," karani akasema. "Ombi la kwanza, hakusikia hukumu ikisomwa kwa sababu feni ilikuwa inapiga kelele. Likatupwa. La pili, kumbe alisikia, ila hakuelewa. Likatupwa. Akaomba hakimu ajitoe kwa sababu anamtazama kwa jicho baya. Hakimu yule akajitoa, nadhani kwa uchovu. Huyu wa sasa naye akaombwa ajitoe kwa sababu hamtazami kabisa."

"Mengine?"

"Akaomba tusubiri mvua iishe. Ilipoisha akaomba tusubiri vumbi litulie. Hakimu alipomwambia asituletee tena, ombi likaja kwa jina la mkewe. Lilipotupwa la mkewe, likaja la jirani, kwamba kabati lao likihamishwa litapasua ukuta wanaochangia."

"Na kila ombi likiingia?"

"Kila likiingia kwa jina la dharura, dalali wa mahakama anakunja amri yake, anarudi nyumbani. Tunasikiliza, tunatupa. Dalali akitaka kwenda tena, anakuta kuna jingine."

"Huyu shemeji anaitwa nani?"

"Kwenye jalada lipo jina. Sisi tunamwita Rufaa. Mkewe mwenyewe anamwita Rufaa."

Karani akapiga chafya ya tatu, akamsogezea karatasi iliyokuwa bado nyeupe. Hilo lilikuwa ombi jipya, limeingia jana. Mwombaji alikuwa bibi mmoja asiyejulikana, aliyeapa kwamba yeye ni mpangaji wa chumba cha nyuma katika nyumba ile, mgonjwa sana, hana uhusiano wowote na wenye ugomvi huo, na kumhamisha ni kumuua. Lingesikilizwa kesho asubuhi. Dalali alikuwa amepangiwa kwenda Ijumaa.

Hakimu alimwita Afande ofisini kwake. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Afande, mimi naamini huyu bibi ni mtu hewa. Lakini kuamini si kazi yangu. Nenda ukaangalie. Kama hayupo, kesho namaliza. Kama yupo na kweli ni mpangaji, nitamsikiliza na dalali atasubiri tena."

"Hata baada ya rafu nzima, mheshimiwa?"

"Hata hivyo. Mahakama siwezi kuifunga kwa hasira. Nikifunga mlango kwa ajili ya mwongo, mwenye haki anayekuja nyuma yake atamgongea nani? Niletee ushahidi kwamba ni Rufaa yuleyule amevaa gauni, nami nitamfungia yeye peke yake."

Kwenye korido fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye benchi akipiga pindo suruali ya mtu. Alipomwona Afande, sindano ikasimama.

"Afande, nimesikia kuna mwingine."

"Yupo."

"Mimi na wanangu tunalala kwa dada yangu, kwenye korido, miguu ya mdogo iko jikoni. Mume wa dada ni mtu mwema, sisemi, amevumilia. Ila jana amesema Ijumaa mwisho. Anasema kila mara nikimwambia Ijumaa, inakuwa Ijumaa nyingine. Na ni kweli. Sasa kesho wakisimamisha tena, mimi nawapeleka wapi hawa?"

"Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Yeye hupewa miaka, mimi napewa mpaka asubuhi," fundi akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Mchana Afande akafika kwenye nyumba. Rufaa alifungua mlango akiwa na suti, kofia na ndara.

"Karibu, Afande! Wewe ni wa kesi au wa maombi?"

"Wa mpangaji."

"Ah! Bibi wa watu. Namhurumia mno. Mimi mwenyewe ningetoka hata saa hizi, nakwambia. Kinachonizuia ni ubinadamu."

Akamtembeza nyumba nzima kama anayeiuza. Sebuleni majalada yalikuwa yamekalia viti vyote, hata juu ya televisheni. Rufaa alitangulia, akisukuma kila mlango bila kubisha: chumba cha kulala, stoo, jikoni. Akasukuma hata wa bafuni, ambako mkewe alikuwa anafua, akapigiwa kelele na kurushiwa povu.

"Samahani, mke wangu. Ni upelelezi."

Lakini walipoukaribia mwisho wa korido, mwendo wake ukabadilika. Akafunga vifungo vya koti. Akavua kofia. Akasimama mbali na mlango wa nyuma, uso wake kauelekeza ukutani kana kwamba pana tangazo.

"Mke wangu! Njoo umwambie bibi kuna mgeni!"

"Mlango si huo hapo," Afande akasema. "Mwambie mwenyewe."

"Mgonjwa huyu hapendi sauti za kiume. Zinampandisha presha."

Mke akaja na mikono yenye povu, akabisha taratibu, akaingia. Afande akamfuata akitegemea kukuta mito miwili chini ya blanketi. Akakuta bibi mzima, mnene, mwenye macho makali, amejifunika hadi kidevuni na joto lote lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mpangaji halali wa chumba hiki, ni mgonjwa, na kunihamisha ni kuhatarisha maisha yangu."

"Sijauliza bado."

"Basi uliza, utapata hilohilo."

Afande akatoa kalamu. Bibi akaanza kukohoa. Afande akaacha kuandika. Bibi akaacha kukohoa. Afande akagusa karatasi kwa kalamu bila kuandika kitu, na kifua cha bibi kikaitikia kwa nguvu hadi kitanda kikalia.

"Pole sana, mama. Kitambulisho unacho?"

Alikuwa nacho, tena halali, picha ni yake na kovu la kidevuni ni lake. Mtu hewa hakuwa. Afande akainua chupa ya dawa iliyokuwa mezani.

"Hii haijafunguliwa."

"Naogopa isiishe."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Zamani."

"Kodi unamlipa nani?"

"Mwenye nyumba, huyo wa nje."

"Unampa mkononi?"

Bibi akaketi wima kama aliyeulizwa kwa nini hutembea uchi. "Mimi? Mkononi? Toba!"

"Sasa inamfikiaje?"

"Nampa huyu... dada." Akamwonyesha mke wa Rufaa, naye akainamia povu lake kama anayelihesabu.

"Mama, inuka kidogo nione kama unaweza kutembea."

"Kutembea naweza, ila kwa uchungu," bibi akasema, akashusha miguu, akachukua mkongojo na kutoka nje kwa kasi ya mtu anayewahi soko.

Kwenye korido kukasikika ndara zikikimbia. Afande alipotoka, Rufaa hakuwepo. Akamtafuta sebuleni, akamtafuta jikoni. Mwishowe akamwona uani, nyuma ya shuka zilizoanikwa, suruali ya suti ikionekana kuanzia magotini kwenda chini.

"Bwana, unafanya nini huko?"

"Naangalia kama zimekauka," shuka zikajibu.

Masijala ilikuwa karibu kufungwa Afande aliporudi.

"Yupo," akasema.

Karani akaweka kalamu chini. "Basi tumekwisha. Dalali namwambiaje?"

"Usimwambie kitu. Kitambulisho ni chake. Kikohozi ndicho cha kuazima. Hebu nisaidie, karani. Mwanamume anaufungua mlango wa bafu bila kubisha, mlango wa mpangaji wake hausogelei. Anavua kofia akiwa mbali. Hawapeani kitu mkononi. Bibi akitoka nje, yeye anajificha kwenye shuka. Hilo ni nini?"

"Labda bibi anamdai."

"Mpangaji anamdai mwenye nyumba? Hapana."

"Labda ugonjwa unaambukiza."

"Hana ugonjwa. Ana afya kuliko mimi na wewe."

Karani akavuta makamasi, akafikiri. "Mimi, Afande, mtu pekee ninayemkimbia namna hiyo hana deni wala ugonjwa. Akija kwetu nakunywa chai jikoni nimesimama. Nikisikia mlango wa chumba chake, natokea dirishani. Mke wangu hunicheka, lakini nitakaaje sebule moja na mama m..."

Wakatazamana.

"Mama mkwe," Afande akasema.

"Yule bwana ametuletea mama mkwe wake!"

Afande akapiga simu palepale, akauliza, akaishusha. "Tuna tatizo. Nimepiga simu ofisi ya vizazi, wanipe jina la mama wa mke wa Rufaa. Wanasema majibu ni wiki mbili."

"Kesi ni kesho saa tatu."

"Ndiyo. Sasa niambie, kwenye chumba cha hakimu, benchi la upande wa mwombaji linakaa watu wangapi?"

"Watatu wakijibana. Na wote wa upande ule lazima wakae hapo, hakimu hataki watu wa kuzurura. Yeye na mashahidi wake."

"Nafasi ya tatu ipakie maombi."

"Yale ya rafuni?"

"Yote yanayotosha. Ni ya upande wao, nayo yana haki ya kukaa."

Saa tatu asubuhi chumba kilijaa. Fundi alikuwa mbele upande wake, peke yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Benchi la pili lilikuwa na mlima wa majalada pembeni na nafasi mbili zilizobaki. Bibi akaingia kwa mkongojo, akakaa. Rufaa akaingia nyuma yake na mkoba wa ngozi, akaliona benchi, akasimama ghafla kana kwamba amekanyaga msumari.

"Shahidi akae," karani akasema.

"Nitasimama."

Hakimu akainua miwani. "Kwa nini usimame?"

"Mguu, mheshimiwa. Ukikunjwa unauma."

"Mwaka jana uliniomba niahirishe kwa sababu mguu hauwezi kusimama."

"Ulikuwa ule mwingine, mheshimiwa."

"Kaa kwa huo mwingine."

Watu wakacheka. Rufaa akalisogelea benchi akitazama feni. Akaanza kujishusha polepole, kwenye ncha kabisa, nusu yake hewani, mkoba ukiwa katikati yake na bibi. Bibi naye akavuta ushungi akajifunika uso na kusogea hadi majalada yakamwangukia. Mkongojo wake ukadondoka, ukabiringika hadi miguuni pa Rufaa.

Chumba kizima kikasubiri. Mtu yeyote angeuokota akampa mwenyewe.

Rufaa akainuka. Akauokota, akageuka mgongo, akarudi kinyumenyume, akaulaza sakafuni karibu na miguu ya bibi bila kuangalia, kisha akaruka pembeni.

"Bwana," hakimu akasema, "huyu mama ni nani kwako?"

"Mpangaji, mheshimiwa. Imo kwenye hati ya kiapo, aya ya pili."

"Aya nimeisoma. Mtazame."

"Mheshimiwa?"

"Mgeukie, umtazame usoni, useme mbele yangu: wewe si kitu kwangu, ila mpangaji."

Rufaa akageuza shingo nusu, ikagoma. Akafungua mdomo. Ulimi uliochosha mahakimu wawili na kujaza rafu ukakaa mdomoni kama mgeni. Akafuta jasho.

"Naomba... naomba niseme kwa maandishi."

"Kwa mdomo."

"Wewe..." Rufaa akaliambia dirisha. "Yaani, huyu... kwa heshima zote..."

Ushungi ukashuka. Bibi alikuwa amesimama, bila mkongojo.

"Sema!" akafoka. "Si umekuja kusema? Sema mimi si kitu kwako! Nimekupa binti yangu mzima, mwenye meno yote, leo nasubiri uniambie mimi si kitu! Sema nisikie!"

"Mama, jamani," mke wa Rufaa akalia kutoka nyuma, na papo hapo akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Karani akapiga chafya ndefu ili asionekane anacheka.

Hakimu akasubiri kutulie. "Mama, uliapa huna uhusiano nao."

"Waliniambia ni karatasi za hospitali. Nikasaini."

"Na jana ulimwambia Afande wewe ni mpangaji."

"Walinifundisha, mheshimiwa. Nikadhani ni ya bima."

"Kuapa uongo ni jela, mama. Nakuonya mara moja, kwa umri wako. Kaa."

Kisha akaandika kwa muda mrefu. Fundi akahesabu mikwaruzo ya kalamu mpaka ilipowekwa chini.

"Ombi hili ni la Rufaa," hakimu akasema, akasahau kabisa jina la kwenye jalada. "Kama la mkewe, kama la jirani. Mtu ana haki ya kuja mahakamani akiumia. Hana haki ya kuigeuza mahakama kuwa komeo la mlango wa nyumba ya mwenzake. Ombi nalitupa. Dalali aende kesho. Na kuanzia leo wewe bwana hutafungua ombi lolote kuhusu nyumba hii, kwa jina lako wala kwa jina la mtu uliyemtuma, mpaka kwanza uombe kibali na mimi au mwenzangu tuone lina kichwa na miguu. Mpaka hapo karani asipokee hata bahasha. Ukitaka kukata rufaa mahakama ya juu, hiyo ni haki yako, sikuzuii."

Rufaa akainua mkono. "Mheshimiwa, kibali hicho naomba kukiomba."

"Kaa."

Akatazama benchi. Akabaki amesimama.

Ijumaa dalali alienda, na safari hii hakurudi na amri mfukoni. Majalada ndiyo yaliyochukua muda mrefu kutoka kuliko kitanda.

Wiki iliyofuata Afande akapita kwa fundi ili asaini maelezo ya mwisho, afunge faili lake. Cherehani ilikuwa dirishani, inalia. Mtoto mdogo alikuwa amelala kwenye kitanda chake, miguu yote ndani ya chumba kimoja. Mlangoni palikuwa na vitasa vitatu.

"Vitatu?" Afande akauliza.

"Cha nne kinakuja Jumamosi," fundi akasema, na hakuwa anatania.

Hodi ikapigwa. Fundi akachungulia kwenye upenyo wa pazia kwanza, ndipo akafungua kidogo, mguu wake nyuma ya mlango. Nje alisimama bibi, bila mkongojo, ana begi dogo na jasho.

"Mwanangu, najua nilikukosea," bibi akasema. "Nimekuja kuomba radhi. Na kuuliza kama kile chumba cha nyuma kipo wazi."

"Mama! Si una nyumba yako?"

"Ninayo. Sasa wamo wao. Binti yangu na mkwe, walivyotolewa hapa wangekwenda wapi? Mimi sebuleni kwangu siwezi kuingia, yumo na mafaili. Bafu siwezi kwenda, yumo koridoni amegeukia ukuta. Jikoni akinisikia anatokea dirishani, ameshanivunjia dirisha. Nikasema basi, niwapishe."

Afande akasimama. "Mama, umemwachia ufunguo?"

"Angefungaje mlango bila ufunguo?"

"Alisema anakaa hadi lini?"

"Siku chache tu. Mpaka mambo yake yakae sawa."

Fundi alikuwa ametoa mguu nyuma ya mlango, anatafuta viatu.

"Alikwambia maneno hayohayo? Siku chache tu, mpaka mambo yakae sawa?"

"Hayohayo. Kwani vipi?"

"Mimi aliniambia hayo nikiwa na nguo za msiba, nikampa chai." Fundi akamshika bibi mkono, akamgeuza alikotoka. "Mama, chumba sikupi. Nakupa kitu kizuri kuliko chumba. Unarudi kwako sasa hivi, unaingia sebuleni, unakaa kwenye kiti chako, huinuki. Afande, una nafasi?"

"Faili langu nilikuja kulifunga," Afande akasema, akikunja karatasi ambayo haijasainiwa.

"Lifunge kesho. Mama, asubuhi hii ulipotoka, alikuwa anafanya nini?"

Bibi akafikiri. "Alikuwa ameniomba bisibisi."

Fundi akampigia kelele mwanawe mkubwa aweke komeo kwa ndani, asimfungulie mtu hata akija na biskuti. Kisha wakaondoka wote watatu, bibi katikati. Hatua za mwanzo walitembea. Walipofika kona wakaanza kukimbia.